Mkao Nyuma ya Kibao

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimefumba macho karibu kila mpira uliporushwa, na hakuna aliyejua.

Naanza na hilo kwa sababu sina wa kumwambia. Ligi yetu ya besiboli ya Jumamosi imefunguliwa, timu ya posta na timu ya hospitali, na mwamuzi wa kibao nilikuwa mimi. Yaani mimi ndiye ninayechutama nyuma ya mdakaji, kidevu karibu na kisogo chake, nikitazama mpira mgumu unaorushwa kwa nguvu zote kuja upande wa uso wangu. Ukipita juu ya kibao kilicholazwa chini kando ya mpigaji, kati ya magoti na kifua chake, napaza sauti: straiki. Ukipita pembeni nasema: boli. Hilo eneo la hewa juu ya kibao sisi waamuzi tunaliita dirisha, na kazi yangu yote ni kulitazama.

Miaka sita nimeifanya bila kuwaza. Kisha mwishoni mwa msimu uliopita mpira uliguswa na ncha ya gongo la mpigaji, ukageuza njia, ukapenya chini ya kinyago changu cha chuma, ukanipata kooni. Siku tisa sikuwa na sauti. Daktari alinionyesha kwa vidole viwili: ungepiga hapa badala ya hapa, leo tusingezungumza. Nikamwandikia kwenye karatasi: hata hivi hatuzungumzi. Alicheka peke yake.

Nilidhani nimepona. Leo mrushaji wa posta alipoinua mguu, macho yakajifunga yenyewe. Mpira ukatua kwenye glavu, pa! Sauti kavu, ya katikati. Nikasema straiki. Hakuna aliyelalamika. Uliofuata ukatua kwa sauti ya kukwaruza, nikasema boli. Hakuna aliyelalamika. Mchezo mzima nimeuhukumu kwa masikio.

Na siku za kazi mimi ni fundi miwani. Watu wananilipa niwasaidie kuona.

Jumapili, 5 Mei

Mapaja yanauma. Mume wangu kaniuliza mchezo ulikuwaje. Nimesema mzuri.

Jumamosi, 11 Mei

Nimebadili mkao. Nimerudi nyuma hatua moja na kusimama wima zaidi, nikijiambia kwamba mbali ni salama. Macho hayakusikia habari hiyo. Kutoka nyuma kule hata yalipofunguka kwa bahati sikuona ukingo wa chini wa dirisha.

Katikati ya mchezo nikajaribu kinyume chake, nikachutama chini kabisa nijifiche nyuma ya mdakaji. Mdakaji wa posta ni mtu wa mwili, wote wanamwita Sufuria. Ni kinga nzuri, ila ukijificha nyuma ya sufuria huoni kinachopikwa.

Mtu mmoja jukwaani akapiga kelele: "Fundi miwani, jipime mwenyewe kwanza!" Watu wakacheka. Nami nilicheka ndani ya kinyago.

Jumanne, 14 Mei

Wateja wanne, fremu mbili zilizovunjika, bibi mmoja anayetaka miwani "isiyoonyesha mikunjo ya mume wangu". Siku njema. Hakuna kilichorushwa.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua. Mchezo umeahirishwa. Nilifurahi hadi nikaona aibu, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 25 Mei

Rula alikuja kutukagua. Ndiye mkuu wa waamuzi. Jina hilo amepewa kwa sababu amenyooka, kimwili na kimaneno. Alikaa nyuma ya uzio na daftari lake, na nikajikaza kisabuni mchezo mzima.

Baadaye aliniita kwenye chumba cha vifaa, akasimama kati ya mifuko ya mipira.

"Mdogo wangu, leo umekaa mikao mitatu. Wa kwanza, magoti yamefungana. Wa pili, mguu mmoja nyuma kama mtu anayetaka kukimbia. Wa tatu sijui niuiteje."

"Natafuta unaonifaa, dada."

"Wewe huna mkao, una safari. Kila mpira unakukuta mahali pengine. Kama kichwa chako hakikai mahali pamoja, hilo dirisha utalionaje likiwa lilelile?"

Akafunga kamba ya mfuko mmoja wa mipira.

"Fainali ya tarehe ishirini Julai ni zamu yako. Lakini nitakutazama kabla. Ukiendelea hivi nakutoa kwenye kibao, na sitakurudisha. Tafuta mkao mmoja. Uwe unaokustarehesha, maana usiokustarehesha utauacha mchezo ukinoga. Na uwe huohuo, mpira wa kwanza mpaka wa mwisho."

Hakusema neno kuhusu macho. Kinyago kinaficha mengi. Ningeweza kumwambia pale pale, na sikumwambia. Naipenda sehemu ile nyuma ya kibao kuliko ninavyoweza kueleza, na naiogopa kuliko kitu chochote duniani.

Jumamosi, 1 Juni

Siku nzuri mno. Mipira yote iliyotua kwa Sufuria ilitoa sauti safi, pa! pa! pa! Nikapiga straiki kama mtu anayepigilia misumari. Posta wameshinda kwa mbali. Sufuria kanigusa bega akitoka uwanjani: "Leo ulikuwa vizuri, fundi."

Jumapili, 2 Juni

Mume wangu anasema nimelala bila kugeukageuka. Ila asubuhi nimeamka na swali: inawezekanaje mrushaji yuleyule, ambaye kila mwaka nusu ya mipira yake hupotea njia, jana asikosee hata kidogo?

Nimeliacha swali.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika yote, polepole.

Posta na timu ya soko. Joto kali, vumbi, jasho likiingia machoni, ingawa macho yenyewe hayakuwa na kazi. Aliyekuja kupiga ni yule mwanamke wa sokoni mwenye saluni, wote tunamwita Msusi. Anapiga kwa kusogea karibu na kibao kuliko wengine. Hana woga kabisa, na kwa hilo namwonea wivu.

Mrushaji akainua mguu. Nikafumba. Nikasikia: ko! Sauti ya mbao. Nilipofungua, mpira ulikuwa ukibiringika pembeni, nje ya mstari. Gongo limegusa mpira, mpira umetoka. Nikanyoosha mikono juu na kupaza sauti: "Nje!"

Msusi alikuwa ameinama, mkono wa kulia kaubana kwapani.

"Mwamuzi, mpira umenipiga mkono."

Mpira ukimpiga mpigaji, anakwenda bezi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kukimbilia, bila kupingwa. Hiyo ni haki yake, na mtoto wa ligi ya shule anaijua. Nilimtazama mwamuzi mwenzangu wa bezi, yeye alikuwa akimwangalia mkimbiaji. Nilimtazama Sufuria, akatazama chini, akirekebisha glavu. Watu wote walikuwa wakinisubiri. Nilichokuwa nacho ni ile sauti tu.

"Nimesikia gongo," nikasema. "Rudi upige."

Nimesikia. Neno hilo lilitoka mdomoni mwangu mbele ya watu, na hakuna aliyeshtuka ila mimi.

Alirudi. Akalishika gongo tena, midomo ameibana. Mpira uliofuata akaupiga kwa nguvu zake zote, gongo likamponyoka likaruka hadi kwenye uzio, naye akapiga magoti chini. Hakulia kwa sauti. Walipomvua glavu, kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kwa namna ambayo kidole hakipaswi kupinda.

Sauti niliyoisikia haikuwa ya mbao. Ilikuwa mfupa.

Nilimaliza mchezo. Sijui nani kashinda.

Jumapili, 9 Juni

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi yangu, kikaumbuka kidole cha mtu mwingine.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefunga duka saa nne nikaenda saluni kwake. Alikuwa amesimama nyuma ya mteja, kidole kimefungwa kwenye kipande cha bati, anasuka kwa vidole vinavyobaki. Mstari mmoja ulimchukua muda wa mistari mitatu. Mteja alinitazama kwenye kioo, naye akanitazama kwenye kioo. Hakuna aliyenikaribisha kukaa.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yakapotea yote.

"Nimekuja kukuomba radhi. Ulikuwa mkono. Sikuona."

Aliendelea kusuka.

"Hukuona, au hukutazama?"

Kulikuwa na kikaushio cha nywele kikivuma pale pembeni, nikamwomba Mungu kivume zaidi.

"Sikutazama. Nilifumba macho. Nafumba tangu msimu uanze. Naogopa mpira."

Mteja akageuka kabisa kuniangalia. Msusi akamrudisha kichwa taratibu kwa kiganja.

"Mimi pia naogopa," akasema. "Unadhani nani hauogopi? Wiki sita daktari kasema. Wiki sita za vichwa vya watu. Na uliniambia nirudi nipige."

"Najua."

"Usije ukanililia mimi peke yangu hapa kisha ukaondoka mwepesi. Kamwambie mkuu wenu."

Jumanne, 11 Juni

Nimemwambia Rula. Ofisini kwake, mlango umefungwa. Anafundisha hisabati, meza yake imejaa madaftari ya wanafunzi. Alinisikiliza akishika kalamu nyekundu bila kuandika, na muda wote nilikuwa nikiitazama kalamu ile badala ya uso wake.

"Michezo mingapi?"

"Yote."

Nje wanafunzi walikuwa wakiimba jedwali la saba.

"Kuogopa si kosa," akasema mwishoni. "Mimi naogopa mwaka wa kumi na tisa huu. Kosa ni kuhukumu kitu ambacho hukukiona, na kukaa nacho wiki tano."

Amenitoa kwenye kibao. Tarehe sita Julai atanipa mchezo mmoja, atasimama nyuma ya uzio. Nikifumba na kuhukumu, basi, nimemaliza kuwa mwamuzi. Maneno yake yalikuwa machache kuliko haya.

Jumapili, 16 Juni

Jana usiku nilimwambia mume wangu pia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa nini yeye ni wa tatu kuambiwa, na hilo liliniuma kuliko kelele.

Leo, duka lake la mikate lilipofungwa mchana, akanipeleka kwenye chumba cha kukandia. Akamwaga unga sakafuni, akautandaza kwa ufagio kama shuka.

"Chutama hapo. Vaa kinyago."

Kisha akaanza kunirushia soksi zilizoviringishwa. Soksi! Mwanamke wa miaka arobaini na mbili anaogopa soksi za mume wake. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi nilishtuka mara ishirini na tano kati ya thelathini. Aliyehesabu ni yeye.

"Ila miguu haikusogea," nikamwambia kwa fahari.

"Tazama chini."

Kwenye unga kulikuwa na njia. Nilianzia katikati ya chumba, na nyayo zangu zilirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka kisigino kilikuwa kimegusa gunia ukutani. Ningeapa mbele ya kadhi kwamba sikusogea hata unyayo.

Nikakaa juu ya gunia nikalia. Akaja akakaa kando yangu, wote wawili tukiwa weupe kama maandazi mabichi.

Jumatano, 19 Juni

Mume wangu kaniletea chakula dukani, akasimama mlangoni bila kunisemesha. Nilikuwa nikiingiza skrubu kwenye bawaba ya fremu, skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Nilipomaliza akasema:

"Umekaa hivyo dakika nne. Hukupepesa."

"Nikipepesa inaanguka."

"Sasa tazama ulivyosimama."

Nikajitazama. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma yake kidogo, vidole vyake vikianzia pale kisigino cha kushoto kinapoishia. Magoti yamelegea. Mkono wa kushoto umebanwa kiunoni. Shingo haina kazi, uzito wote uko kwenye nyonga. Hivyo ndivyo ninavyosimama kwenye meza hii kila siku kwa miaka kumi na tano, na sijawahi kuumwa mgongo.

Akachukua chaki yangu ya kuwekea alama, akachora nyayo zangu sakafuni. Akaondoka mbio. Alikuwa na mikate kwenye tanuri.

Jumapili, 23 Juni

Unga tena. Mkao wa mezani, ila miguu imepanuka zaidi na makalio yako chini. Mkono wa kushoto kiunoni, wa kulia nyuma ya paja. Soksi hamsini. Nimefumba mara kumi na tisa. Nyayo hazikutoka kwenye alama zake.

Hofu ipo palepale. Nilikuwa nikidhani nikipata mkao itaondoka, kumbe nayo imechutama pamoja nami.

Jumanne, 25 Juni

Sufuria ndiye anayeleta vifurushi mtaa wetu. Leo kaniletea boksi la fremu, nikatia saini, na hakuondoka.

"Fundi, nina neno."

"Sema."

"Mchezo wa pili nilikugeukia. Nikakukuta umefumba, umekunja uso kama mtoto anayesubiri sindano. Nikajua unasikiliza. Basi nikawa nauvuta mpira na kuufungia glavu kwa nguvu. Hata mbovu ulikuwa unalia kama mzuri."

Ndiyo maana zile pa! pa! pa!

"Na kidole cha Msusi?"

Alivua kofia. "Nilikiona. Mpira ulimpiga mkono. Uliponitazama, ningeweza kusema."

Nilitaka kumrushia boksi. Mwezi mzima nimemwona mtu huyu kama ukuta wangu, kumbe alikuwa akinichezea. Kisha nikakumbuka yeye angalau alifungua macho. Sikumsamehe wala sikumfukuza. Nilimwambia aende saluni, kama mimi nilivyokwenda.

"Ana mkasi pale," akasema.

"Ndiyo. Nenda."

Jumapili, 30 Juni

Mikate ya jana badala ya soksi. Mikate migumu inauma. Nimefumba mara sita.

Jumamosi, 6 Julai

Mtihani. Hospitali na timu ya idara ya maji.

Nikaweka miguu kwenye alama ambazo hakuna anayeziona ila mimi. Kushoto, kulia, nyonga chini, mkono kiunoni. Nilikuwa nasimama kila baada ya mpira na kukaa upya vilevile. Moyo ulipiga hadi nikausikia kwenye mikanda ya kinyago. Mipira ilikuja ikiongezeka ukubwa, na mimi nikaitazama ikiongezeka.

Mmoja uliguswa na gongo ukanigonga kinyago katikati. Masikio yakavuma. Nikaangalia chini: miguu ipo.

Uliofuata nilifumba. Mpira ukatua, pa!, uwanja mzima ukanisubiri. Ilikuwa rahisi sana kusema straiki. Nikasimama, nikanyoosha kidole kwa mwenzangu aliyekuwa nyuma ya mrushaji.

"Huo sikuuona. Wewe umeuonaje?"

"Boli!"

Jukwaa likacheka wee, likacheka tena. "Mwamuzi kaomba msaada!" Nyuma ya uzio Rula akaandika kitu.

Baadaye akanipa daftari nisome mwenyewe. Aliandika: mkao mmoja, mipira yote. Chini yake: kafumba mara moja, kasema.

"Fainali iko kwako," akasema. "Ila ni posta na soko. Kwanza muulize Msusi."

Jumatatu, 8 Julai

Nimemuuliza. Alikuwa anafagia nywele kwa mkono wa kushoto.

"Sichezi, kidole bado. Nitakaa nyuma ya uzio, nyuma yako kabisa. Sitaondoa macho kwako." Kisha akaongeza: "Yule mnene wa posta alikuja. Nimemwacha asimame nusu saa kabla sijamjibu."

Jumamosi, 13 Julai

Hakuna mchezo. Nimeota mpira hauna mwisho wa kuja.

Jumamosi, 20 Julai

Sare mpaka zamu ya mwisho. Soko wanapiga, watu wao wako kwenye bezi zote tatu, wawili wameshatoka. Boli tatu, straiki mbili. Yaani mpira mmoja tu umebaki kuamua: nikisema boli, soko wanatembea hadi bezi zao, wanapata pointi ya kuongoza, na mkono mmoja uko kwenye kombe. Nikisema straiki, zamu imekwisha bila kitu, na posta wanabaki na nafasi yao moja ya kupiga. Msusi alikuwa nyuma yangu, upande wa pili wa waya. Nilikuwa na deni kwake ambalo halilipiki, na njia ya kulilipa ilikuwa neno moja.

Kushoto. Kulia. Nyonga chini. Mkono kiunoni. Niliogopa sana. Koo liliuma mahali palepale pa mwaka jana, kama vile linakumbuka.

Mrushaji akainua mguu, na mpira ukamtoka mkononi. Nikaona nyuzi zake nyekundu zikizunguka. Tangu nipigwe sikuwahi kuziona zikiwa angani. Ulikuja juu ya ukingo wa ndani, ukashuka, ukapita kwenye urefu wa goti la mpigaji, ndani ya dirisha kwa unene wa kidole. Sufuria aliuwahi vibaya. Ukatua kwenye kiganja cha glavu, kwa sauti ya kitambaa kilicholowa. Dhf. Sauti ya boli kabisa. Wachezaji wa soko walikuwa wameshaanza kuruka.

"Straiki!"

Sauti yangu ilitoka yote. Jukwaa likalipuka. Chupa ya maji ikagonga uzio. "Kipofu! Fundi miwani kipofu!" Sufuria alibaki amechutama, mpira umebanwa glavuni. Kisha akageuza kichwa, jambo ambalo mdakaji hafanyi.

"Umeuona?" akanong'ona.

"Nimeuona."

Posta walipata pointi yao kwenye nafasi iliyofuata, wakachukua kombe. Mimi nilibaki nimesimama nyuma ya kibao, kinyago mkononi. Watu wa soko walipita karibu yangu bila kunitazama, mmoja akatema mate chini. Msusi akawa wa mwisho. Akasimama upande wa pili wa waya, vidole vyake vimeshika matundu ya uzio, kile kimoja kikiwa kimenyooka kando.

"Ulipita?"

"Ulipita. Ukingo wa ndani, kwenye goti."

Akanitazama machoni kwa muda, kila jicho kwa zamu yake, kama mimi ninavyofanya nikipima mteja.

"Nami nimeuona hivyohivyo," akasema. Akatazama nywele zangu, zilizolala na jasho la kinyago. "Kichwa chako kinatisha, mwamuzi. Bati wanalitoa Jumanne. Njoo Jumatano, uwe wa kwanza."